Nilikimbia na Mwili wa Mwaka Uliopita



Wanafunzi wenye kutengeneza gazeti letu hili waliniomba niandike habari ya michezo, juu walisikia kwamba zamani, nilipokuwa mwanafunzi, nilikuwa mkimbiaji. Nafikiri walitumaini habari ya ushindi. Ushindi ninao mmoja mdogo, wa mwaka 2018, lakini hauna mengi ya kufundisha. Nitaandika habari ya mwaka uliofuata, 2019, nilipokimbia kilometa 21 na mwili usiokuwa tayari, na wenzangu wakalipa bei. Wengine waliokuwapo wanaijua habari hii kwa nje tu. Leo naileta kwa ndani.

MBIO ZETU ZILITOKA WAPI

Mwaka 2016 Michezo ya Olimpiki ilifanyika Rio de Janeiro, nchi ya Brazili. Kati ya wakimbiaji waliovaa rangi za Kongo alikuwa Makorobondo Salukombo katika marathoni, na Beatrice Kamuchanga katika meta 5000. Huyu Salukombo ndiye aliyeanzisha kazi ya kufundisha vijana kukimbia kule Kirotshe, kando ya ziwa Kivu, katika teritware hii hii ya Masisi. Habari ile ilitushika sana. Tulizoea kusikia kwamba mbio ndefu ni mambo ya Kenya na Ethiopia. Sasa ikawa ni mambo ya Kirotshe, mahali ambapo watu wanakula maharagi kama sisi na kukanyaga udongo kama wetu.

Ndipo mwalimu wetu wa michezo akaleta shauri ya kukimbia nusu ya marathoni, mara moja kwa mwaka, klasi kwa klasi. Marathoni ni kilometa 42 na meta 195. Umbali huo ulikimbiwa kwanza London mwaka 1908, na mwaka 1921 ukawekwa kuwa sheria kwa dunia yote. Basi nusu yake ni kilometa 21 na meta 97 na nusu. Mwalimu alipima barabara kwa pikipiki, na zile meta 97 na nusu akazipima kwa kamba. Tulimcheka. Yeye akasema, "Kilometa 21 bila zile meta si nusu ya kitu chochote."

Njia ilianza ku mlango wa masomo, ikashuka mpaka darajani, pale bendera iliposimikwa, halafu ikarudi kwa njia ile ile. Kwenda ni kushuka, kurudi ni kupanda. Ubaya wake ndio huo: barabara inakukopesha asubuhi, na saa ya jua kali inakudai.

Sheria ilikuwa moja. Kila klasi inatoa watu watano. Muda wa wote watano unajumlishwa, na klasi yenye jumla ndogo ndiyo inashinda. Asiyefika mbele ya saa tatu kwisha, klasi yake inaanguka yote. Mtu mmoja mwenye mbio hawezi kuwaokoa wanne wavivu, na mchovu mmoja anaweza kuwaangusha wanne wenye nguvu.

KUKIMBIA KWETU NI NENO ZITO

Kulikuwa na shida moja ambayo watu wa inchi nyingine labda hawaijui. Kwetu Masisi, na Walikale vilevile, ukisema "watu wanakimbia", hakuna anayefikiri michezo. Mtu anafikiri vita. Kukimbia ni kubeba mtoto na sufuria na kuacha mlango wazi. Mwaka wa kwanza wa mbio zile, kundi letu lilipotokea kwenye kona ya kijiji kimoja, kina mama waliokuwa wanalima walitupa majembe, wakaita watoto, wakaingia nao katika mashamba ya mihindi. Mzee mmoja akatupigia kelele, "Munakimbia nini? Bako wapi?" Tulisimama kwa haya, tukaeleza, tukaomba radhi.

Tangu hapo Bwana Prefe aliandika barua kila mwaka kwa wachefu wa vijiji na kwa makanisa yote ya njiani, isomwe siku ya yenga: siku ya posho fulani, watoto wa masomo watakimbia, si vita, watu wasiondoke.

MALARIA NA MILIMA

Mwaka 2018, nikiwa klasi ya nne, nilifika wa pili wa masomo yote, kwa saa 1 na dakika 34. Watu walinibeba. Tangu siku ile jina langu ku masomo likawa "wa pili", na nikalipenda jina lile kupita vile inavyofaa.

Sasa, mimi ni mtu wa Walikale. Mwezi wa saba 2019 nilirudi nyumbani kwa likizo kubwa, kwa njia ya Nyabiondo na Mpofi, mahali pengine kwa pikipiki na mahali pengine kwa miguu. Nilikuwa na shauri la kufanya mazoezi kila asubuhi. Nilifanya siku tisa. Halafu malaria ikanikamata, nikalala karibu majuma matatu. Mama alinipikia makemba na samaki, na mimi nikageuka ku ukuta, sikutaka kuona chakula. Niliporudi Masisi mwezi wa kenda, suruali yangu ilishikwa na kamba.

Siku chache tu baada ya masomo kuanza, mwalimu wa biolojia alifundisha habari ya malaria. Alieleza kwamba kijidudu kile, kikiisha kupita katika ini, kinaingia ndani ya chembe nyekundu za damu, kinazaana humo, na chembe inapasuka. Chembe zile ndizo zinabeba oksijeni kutoka katika mapafu na kuipeleka ku miguu, ku moyo, ku kichwa. Zikipasuka nyingi, mtu anaweza kuwa na miguu mizuri na mapafu mazuri, lakini wabebaji hawatoshi. Kuzirudisha kunachukua majuma mengi, hata kama homa imekwisha.

Akaongeza habari ya milima. Walikale-kati iko chini, katika msitu, haifiki meta 1000 juu ya bahari. Hapa Masisi sehemu nyingi zinapita meta 1500, na milima mingine inapita 2000. Huku juu hewa ni nyepesi, na mwili wa mwenye kukaa huku unajitengenezea chembe nyekundu nyingi zaidi. Akishuka akakaa chini muda mrefu, zinapunguka. Akipanda tena, inamlazimu kuanza upya.

Niliandika yote katika daftari yangu kwa mwandiko mzuri. Nikapata alama 17 kwa 20. Wala sikufikiri hata kidogo kwamba somo lile lilikuwa habari yangu. Ndugu zangu, mtu anaweza kujua kitu kwa mtihani na asikijue kwa mwili wake.

KILE NILICHOFICHA

Mwaka ule tuzo ilikuwa nyingine. Serikali ilitangaza masomo ya bure kwa shule za msingi kuanzia mwezi wa kenda 2019, lakini sisi wa sekondari tuliendelea kulipa. Kamati ya wazazi ikaahidi kwamba klasi itakayoshinda italipiwa feza ya masomo ya miezi mitatu kwa mwanafunzi mmoja, na klasi yenyewe itamchagua.

Katika klasi yetu ya tano alikuwa dada mmoja ambaye baba yake alikuwa amekufa. Kila mara orodha ya wasiolipa iliposomwa, alikusanya vitabu vyake polepole, akatoka bila kutazama mtu. Hatukupiga kura ndefu. Tulisema tukishinda, feza ni yake.

Watu watano walichaguliwa, na mimi wa kwanza, juu nilikuwa "wa pili". Wa sita, wa akiba, alikuwa mwenzetu mmoja mpole, aliyeshuka kila asubuhi kutoka malishoni na bidoni ya maziwa mgongoni, karibu mwendo wa saa moja na nusu, mbele ya kuingia klasi. Katika mazoezi alimaliza njia yote kwa saa 1 na dakika 55. Si muda wa kushangaza, lakini ulikuwa muda wa kweli.

Shefu wa klasi aliniuliza mara mbili. Mara ya kwanza alisema, "Kaka, weye unaonekana umekonda. Utaweza?" Nikamjibu, "Mi najua njia ile." Mara ya pili ilikuwa juma moja mbele ya mbio, siku ya kupimwa kilometa kumi. Sikwenda. Nilisema nina nguo za kufua. Ukweli ni kwamba siku mbili nyuma nilijaribu peke yangu, asubuhi na mapema, na kwenye kilometa ya nne nilikaa chini kando ya njia, macho yakiona nyota. Niliposimama, nilitazama kwanza kama kuna mtu ameniona. Hakuna aliyeniona. Nikashukuru. Sasa najua kwamba nilishukuru kwa kitu kibaya.

Sikwenda kwa munganga wa masomo, juu nilijua atasema nini.

SIKU YA MBIO

Ilikuwa siku ya posho, tarehe 26 mwezi wa kumi, 2019. Usiku mvua ilinyesha, asubuhi ukungu ulifunika milima. Wengine walivaa viatu vya mpira, wengine kambambili walizozifunga kwa kamba, wengine miguu mitupu. Pasta aliomba, mwalimu akapiga filimbi.

Niliondoka na mwendo wa mwaka 2018. Mtu atauliza kwa sababu gani. Nilikuwa na hesabu moja tu kichwani, nayo ilikuwa hesabu ya mwaka ule. Njia ilikuwa inashuka, miguu ilikumbuka, watoto wa vijijini walipiga makofi. Kilometa sita za kwanza nilizimaliza kwa dakika 27, nikiwa mtu wa tatu. Nikawaza, "Angalia, malaria imekwisha."

Kwenye kilometa ya tano alisimama munganga wetu na ndoo ya maji. Yeye aliwauliza wakimbiaji wote swali moja: "Umekula nini asubuhi?" Tulifikiri ni mzaha. Baadaye alinieleza kwamba hakutaka kujua chakula. Alitaka kusikia kama mtu anaweza kusema maneno matano bila kukatika pumzi. Mwenye kuweza, mwendo ni wake. Mwenye kujibu neno moja moja anakimbia mwendo wa mtu mwingine. Mimi nilimjibu "Chai!" nikapita. Alinitazama vibaya.

Baada ya kilometa ya saba mwili ulifunga mlango. Siwezi kueleza namna nyingine. Haikuwa maumivu. Miguu ilikuwapo, lakini hakuna kilichofika ndani yake. Moyo ulipiga masikioni. Watu walianza kunipita, kwanza mmoja mmoja, halafu makundi. Wenzangu wanne wa klasi walinipita wote, na kila mmoja alinigusa bega akasema, "Njoo, kaka." Hawakujua. Walifikiri nimepiga mguu jiwe.

Darajani niligusa bendera kwa dakika 58. Miaka miwili baadaye, mwezi wa kumi na moja 2021, jirani yetu Jacob Kiplimo wa Uganda alikimbia nusu-marathoni ya Lisbon, yote nzima, kwa dakika 57 na sekunde 31. Niliposikia habari ile katika redio nilicheka peke yangu. Yeye angekuwa amekwisha kufika na kukaa chini, mimi bado sijageuka.

MAMA MWENYE MZIGO

Kupanda kulianza. Nilijaribu kukimbia mpaka kwenye mti, nikatembea mpaka kwenye jiwe, nikakimbia tena. Karibu na kilometa ya kumi na tatu nilikuwa natembea tu. Nikasikia nyayo nyuma yangu, nikageuka. Alikuwa mama wa makamu, amebeba gunia la maharagi mgongoni, ukanda wa gunia umepita ku kipaji cha uso, jembe mkononi. Alikuwa ananifikia. Naomba mnielewe vizuri: mimi, wa pili wa 2018, nilikuwa napitwa na mama mwenye gunia.

Akasema, "Mwana wangu, unakimbia nini? Ni vita?"

"Hapana, mama. Ni michezo ya masomo."

"Aa, njo ile barua walisoma ku kanisa. Na mbona unalia?"

"Silii, mama. Ni jasho."

"Haya, ni jasho." Akatembea kando yangu. "Benzako bako wapi?"

"Walishapita wote."

"Weye uko mugonjwa?"

Hapo ndipo nilipoisema kweli mara ya kwanza, kwa mtu nisiyemjua, juu sikuwa na pumzi ya kutunga uongo. Nilisema, "Nilikuwa na malaria. Sikusema kwa mutu."

Hakujibu upesi. Tulipanda hatua nyingi. Halafu akaniambia habari ambayo nitaiandika kama alivyoisema, kwa vile ninavyokumbuka:

"Mwaka wa 2008 tulikimbia. Si kukimbia kwako huku, kukimbia kwenyewe. Kila mutu akachagua mzigo wake. Tukauliza, mbegu ya maharagi atabeba nani? Shemeji yangu akasema, mi nitabeba. Alikuwa mwanaume wa nguvu, tulimujua. Lakini mwaka ule alikuwa ametoka ku ugonjwa, na hakusema. Tukafika ku mto, akalegea, mufuko ukaingia mu maji. Mbegu yote. Tuliporudi ku shamba hatukuwa na ya kupanda."

Nikauliza, "Mulimukasirikia?"

"Si juu alichoka. Kuchoka si zambi. Mi nilimukasirikia juu hakusema. Angesema mapema, mi ningebeba mbegu, yeye angebeba masufuria. Sufuria ikianguka mu maji, unaiokota."

Akavunja kipande cha muwa kilichokuwa katika kitambaa chake, akanipa. Kwenye njia ya kwenda kwake akakata kona. Nikasema, "Aksanti, mama." Naye akasema, "Fika pole pole. Na ukifika, useme."

KILOMETA TATU

Kwenye kilometa ya kumi na nane alikuja mwenzetu mmoja juu ya kinga, anatoka juu, anapiga kelele. Alikuwa na kikaratasi. Wenzangu wanne walikuwa wamefika: mmoja kwa saa 1 na dakika 41, wa pili 1 na 44, wa tatu 1 na 49, wa nne 1 na 52. Klasi ya sita walikwisha kufika wote watano, jumla yao saa 9 na dakika 31. Akapiga hesabu mbele yangu. Nikifika mbele ya saa 2 na dakika 25, tumeshinda. Saa yake ilionyesha saa 2 na dakika 8.

Zilibaki dakika 17 kwa kilometa tatu na kidogo. Mwaka uliopita kilometa tatu nilizikimbia kwa chini ya dakika 14. Nilikimbia. Nilikimbia kweli, labda meta 300. Halafu nilijikuta nimeshika magoti, na matone ya jasho yanaanguka ku vidole vya miguu, na barabara inazunguka. Mwenzangu wa kinga akaanza kuelewa. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Kaka, iko nini?" Nikamwambia aende mbele, nitafika.

Alipoondoka, ikapita pikipiki. Motari alikuwa mtu mwema, hakujua sheria zetu. "Panda, kijana, nikufikishe ku kona ile. Hakuna atakayeona." Kweli, pale hapana nyumba. Kutoka kona ile mpaka masomo ni kidogo tu. Msifikiri nilikataa upesi kama mtakatifu. Neno "aksanti" lilikuwa tayari mdomoni, na nilimwona yule dada na vitabu vyake. Lakini nilikuwa nimekwisha kuangusha mbegu mu maji. Kupanda pikipiki ilikuwa kurudi kwa watu na kusema mfuko ungali mkavu. Nikamwambia, "Hapana, baba, nitatembea." Akatikisa kichwa, akaenda.

Nilifika kwa saa 2 na dakika 38. Jumla yetu saa 9 na dakika 44. Klasi ya sita walitushinda kwa dakika 13. Kama yule mwenzetu wa maziwa angalikimbia mahali pangu kwa muda wake wa mazoezi, tungaliwashinda kwa dakika 30.

Watu walinipigia makofi, juu nilikuwa nimemaliza. Mwalimu mmoja akasema huo ndio moyo wa kuvumilia. Aliyeniletea kikombe cha maji alikuwa yule dada. Alisema, "Aksanti kwa kufika." Sikuweza kunywa.

NINGELISEMA NINI MAPEMA

Munganga alinikamata jioni ile ile. Alitazama ndani ya kope za macho yangu, zilikuwa nyeupe kama karatasi. Alinikaripia kwa haki. Alisema mtu mwenye damu pungufu anayelazimisha moyo wake kupanda milima anaweza kuanguka asiamke, na hakuna tuzo ya klasi yenye bei hiyo. Alinikataza kukimbia na kubeba kwa majuma mawili. Alinipa dawa za kuongeza damu, akaniamuru kula sombe na maharagi kila siku.

Siku ya kwanza ya juma niliomba ruhusa, nikasimama mbele ya klasi. Nilieleza yote: malaria, siku ya kukaa kando ya njia, nguo za kufua. Walinyamaza. Nilitumaini mtu atanitukana, ingekuwa rahisi zaidi. Mwenzetu wa maziwa tu ndiye aliyesema, tena bila hasira: "Ungesema tu. Mi nilikuwa pale."

Neno lile ninalo mpaka leo. Nilikuwa pale. Ninapojifanya niko na nguvu nisizo nazo, simdanganyi mwalimu tu. Ninamzuia mtu mwenye nguvu aliyesimama karibu, akingoja kuitwa.

Shefu wa klasi hakuacha mambo yaishie kwa huzuni. Kulikuwa na mtu anayejenga nyumba chini ya masomo, aliyenunua mchanga wa mtoni kwa fungu. Siku nne za posho klasi yetu ilibeba mchanga. Mbili za kwanza nilikaa kando na daftari, nikiandika hesabu ya mafungu, wakati wasichana wa klasi yangu walipita mbele yangu na ndoo kichwani. Lilikuwa zoezi gumu kupita mbio: kukaa, na kusema mbele ya watu, "Leo siwezi." Siku mbili za mwisho nilibeba, nusu ndoo. Tulipata robo tatu ya feza ya yule dada. Robo iliyobaki, Bwana Prefe alikubali ingoje. Alimaliza klasi ya sita mwaka 2021, na diploma ya Serikali alipata.

NENO LA MWISHO

Tangu wakati ule barabara ile imeona watu wengi wenye kukimbia, na si kwa michezo. Vita vilipopanda tena katika Masisi, jamaa yetu nasi tulikimbia, mwaka 2024, kwa maana ile ya mama mwenye gunia. Tulipofunga mizigo usiku, mjomba aliniwekea mfuko mkubwa wa muchele. Nilikuwa na homa tangu siku mbili. Nikasema pale pale, "Mjomba, huu siuwezi. Nipe masufuria." Alinitazama, akampa mdogo wangu mfuko. Muchele ulifika.

Leo mimi ni mwalimu, na vijana wengine wananiuliza namna ya kukimbia mbali wakati mwili haujarudi. Nawaambia yale niliyojifunza kwa bei ya wengine. Jipime wiki moja mbele, na watu wakuone. Anza pole pole kuliko unavyotaka, mpaka uweze kusema maneno matano kwa pumzi moja. Tembea pale penye kupanda, si haya. Ukiona nyota, kaa chini. Ukiisha kuanza, jaribu kufika, hata wa mwisho, kwa miguu yako mwenyewe.

Lakini kabla ya hayo yote, mbele ya filimbi, wakati kungali na mtu wa kukupokea mzigo, useme.

Ni mimi mwenzenu,
mwanafunzi wa zamani wa klasi ya tano.